Misa ya Kibarazani

Colette Rimmer alitoka ofisi ya parokia kwa hasira, fomu ya kumwombea binti yake Shauna nafasi ya shule mkononi, haina saini. Padri Devlin, aliyehamia pale tangu Pasaka, alikuwa ameisoma akamrudishia.

"Umeandika mnasali kila Jumapili, mama. Mbona mimi sijawahi kuwaona?"

"Tunakaa kibarazani, Padri. Nyuma ya ule mlango wa kioo."

"Mwezi huu wa fomu kila mtu ananiambia alikuwa mahali fulani."

Basi Colette ameshakuwa mwongo. Na kibarazani hakujipeleka, alipelekwa. Binti yake mdogo, Tess, ana miaka saba na hasemi. Akifurahi hupiga ukelele, na hakuna kinachomfurahisha kama kengele ya mageuzo, ile inayolia padri akiinua hostia, mkate wa Misa. Bi Gaskell, anayepokea watu mlangoni, ndiye aliyemshika Colette kiwiko siku moja akamnong'oneza akae naye nje kidogo, watu wanataka kusali. Kidogo hicho kikawa miaka mitatu ya kusali wamesimama, baridi ya Liverpool ikiwapiga miguuni.

Sasa shule ya kilimani, ya serikali lakini ya Kikatoliki, aliyosoma yeye na mama yake, huchukua kwanza watoto ambao padri amethibitisha kuwa hawakosi Misa. Bila saini ile Shauna haingii, na Shauna hataki kusikia shule nyingine.

Alimfuata Bi Gaskell akiwa anapanga vitabu vya nyimbo. "Mwambie Padri ukweli. Wewe ndiye uliyetuweka pale."

"Mambo ya fomu siyaingilii, mwanangu," Bi Gaskell alisema, macho kwenye vitabu. "Mjukuu wangu naye ameomba shule hiyo, na nafasi ni chache."

Colette alitamani kumrushia kimojawapo.

Jumapili ya mwisho kabla fomu hazijafungwa, aliwashika mikono wanawe wote wawili akaupita ule mlango wa kioo. Bi Gaskell akanyoosha mkono.

"Usiniguse," Colette alimwambia, akaenda moja kwa moja hadi benchi la mbele kabisa.

Kengele ikalia. Tess akapiga ukelele wake wote, kanisa zima likageuka.

"Mama, wanatutazama," Shauna alinong'ona.

"Waache. Ndicho tulichofuata."

Padri Devlin alisimama na hostia mikononi kwa muda mrefu kuliko kawaida. Misa ilipokwisha aliwasubiri mlangoni, masikio yamemwiva kwa aibu.

"Hiyo sauti naisikia kila Jumapili tangu nije," alisema. "Kila kengele ikilia. Nilidhani ni watoto wanaocheza barabarani."

Bi Gaskell alikuwa pale pale, anapokea vitabu. Colette aliitoa fomu mfukoni, akaiweka juu ya vile vitabu mikononi mwa Bi Gaskell ili padri apate pa kuandikia.

"Basi tia saini, Padri. Bi Gaskell atakushikia."