Maziwa ya Bibi Harusi

Katika ukoo wetu wa wafuga ng'ombe, hapa Karagwe, bibi harusi alipaswa kunoneshwa kwa maziwa. Tulikuwa Wakristo, na mchungaji aliambiwa tu kwamba binti anapumzika kabla ya ndoa. Mchungaji naye alikuwa mwana wa wafugaji. Hakuuliza mapumziko hayo yanahitaji ng'ombe wangapi.

Miaka ile ya hamsini, niliporudi likizo ya Desemba kutoka shule ya bweni, nilimkuta dada yangu ameshaingizwa chumba cha ndani. Mimi nilikuwa mwembamba kama fito. Nilipita mlangoni kwake nikijifanya natafuta kitu, ili nimmalizie kibuyu cha maziwa. Maziwa yale yale kwangu yalipita tu. Yeye aliongezeka.

Aliyemsimamia ni shangazi, dada mkubwa wa baba, maana hiyo ni kazi ya shangazi. Kila asubuhi alimkuta uso umejaa, macho yamebaki mistari miwili, akafurahi. Alimbonyeza mguu kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale pale.

"Umeona?" akaniambia. "Maziwa yameingia. Wewe nikikubonyeza nagusa mfupa."

Hata mkojo wa dada ulikuwa na povu. Shangazi akatania kwamba mtoto huyu sasa anafaa kukamuliwa, tukacheka sote, dada akituzidi. Wakwe zake wa kijiji cha Kibingo walimtuma mtu aje kuchungulia, naye akawapelekea sifa.

Kisha dada akaanza kulala ameketi, kwa kuwa akilala chali alikosa pumzi. Shangazi alisema mabibi harusi wote huchoka. Siku aliposhindwa kuvuka kizingiti, baba hakumsikiliza mtu tena. Wanaume walimbeba kwa machela hadi hospitali ya misheni.

Daktari, Mzungu mzee mwenye Kiswahili cha polepole, aliuchemsha mkojo wake katika kichupa juu ya moto. Ukaganda mweupe kama ute wa yai lililochemshwa. Alisema figo zinavuja, zinapoteza kitu kinachopaswa kubaki katika damu. Kwa nini zinavuja, hakujua. Alikuwa amewaona wagonjwa wachache tu wa namna hiyo, na wenzake wa Kampala aliowauliza hawakujua zaidi yake. Kisha akatugeukia.

"Alianza kuvimba lini?"

Tulichojua ni lini alianza kunenepa. Shangazi akatazama mikono yake.

"Ni maziwa yangu?" akauliza.

"Hapana, mama. Maziwa hayana kosa, aendelee kunywa. Mumnyime chumvi."

Nadhani shangazi asingeumia sana vile kama angeambiwa ndiyo. Maziwa hayakumdhuru dada. Yaliuficha tu ugonjwa, nasi tukausifu.

Shule ilifunguliwa mimi nikiwa hospitalini, nampikia ndizi zisizo na chumvi, ambazo hata mbuzi angezikataa. Sindano zilimtoa maji ya uvimbe, na dada akabaki mwembamba kuliko mimi. Akanitazama, akacheka kwa shida.

"Basi nenda wewe Kibingo."

Nikamwambia watanirudisha siku hiyo hiyo. Baadaye maji yakarudi, safari hii na homa, na kabla ya Pasaka tukamzika.

Nilikwenda chuo kikuu nikasoma fasihi, elimu isiyo na msaada kwa figo za mtu yeyote. Marafiki zangu madaktari nimewasimulia habari hii mara nyingi. Kila mmoja ameupa ugonjwa ule jina lake, kisha akakiri kwamba anabahatisha.

Zamu yangu ya kuolewa ilipofika, shangazi alikuja, mzee sasa, bila kibuyu. Alilala chumba kimoja nami. Kila asubuhi, kabla ya salamu, alinishika mguu, akanibonyeza kwa kidole gumba, akangoja.

"Nyama imerudi," alisema, kisha akatoka nje.

Niliolewa mwembamba vile vile, na hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kunitania.