Mzinga wa Nyuki Uwanjani Majengo

Jumapili iliyopita, hapa Majengo, wachimbaji wa mgodini walishindana ngoma na watu wa reli. Kabla ya zamu ya wachimbaji, ngoma yao ikapasuka ubavuni. Watu wa reli wakaanza kushangilia.

Mjane mmoja kutoka kijiji cha Kasokola, aliyekuwa pembeni akiuza asali na mizinga, akasimama na kuviringisha mzinga mpya wa gogo hadi katikati ya uwanja.

"Ngozi nyie mnayo," akasema. "Gogo hili hapa."

Wakawamba ngozi kwenye mdomo wa mzinga, wakaikausha motoni. Mpigaji alipoigusa, mlio ukatoka mzito na mtamu, hata watu wa reli wakajikuta wanacheza. Mabega yao yaliyotikisika ndiyo yaliyowapa wachimbaji ushindi.

Juzi nilipita kwa yule mjane. Amewaita wajane wenzake, wanachonga kwa zamu, maana kila kikundi mjini kinataka ngoma ya mzinga. Na bado wapo mabwana wanaoniambia ngoma ni kupoteza wakati!

Nikamwuliza, "Na nyuki je, mama, watalala wapi?"

Akacheka bila kuacha kuchonga. "Nyuki wanajua kungoja, mwanangu. Wachezaji hawajui."