Nimempiga baba mdogo ngumi kwenye tanuri la matofali

Leo nimempiga baba yangu mdogo ngumi ya pua. Mbele za watu.

Msinitukane kwanza, someni.

Tulikuwa kwenye tanuri lake la matofali hapa Nyamiaga. Moto ulizimika juzi, na lori la mteja lilishafika. Akabomoa tundu ubavuni, akachungulia.

"Giza tupu! Limepoa hili."

Mimi niko hatua mbili nyuma, na shavu linaungua!

Nikamwambia, "Baba, usitie mkono! Matofali yanatoa infraredi. Ni mwanga ambao jicho haliuoni, ila ukigonga ngozi unageuka joto. Giza sio kupoa!"

"Umesoma wapi, kwenye simu?"

(Kweli ni kwenye simu.)

Akapeleka mkono. Nikamvuta mkanda, akanizaba kofi, akapeleka tena. Ndipo nikampiga.

Wapakiaji wote wa lori wakanirukia. Mateke, ngumi, jino moja linacheza mpaka sasa hivi.

"Unampiga mzazi, mbwa wewe!"

Baba mdogo akaokota jani kavu la mgomba, akafuta damu puani, akalitupa tunduni kwa hasira.

Likawaka. PUU!

Wapakiaji wakaniachia.

Baba mdogo akautazama mkono wake, weee, muda mrefu. Halafu akanigeukia: "Hata hivyo, umenipiga. Utaniletea pombe ya ndizi, upige magoti uniombe radhi."

Nitapeleka, na magoti nitapiga, mzazi ni mzazi.

Ila semeni nyie, ningemwacha?