Herufi Tatu Mbele ya Jina la Mzee Sindano

Kwa dakika kumi na moja hapakuwa na mtu jukwaani. Glasi ya maji ilikuwa pale, imefunikwa kwa kisahani. Kipaza sauti kilikuwa kimewashwa, kinavuma peke yake kama nyuki aliyenaswa chupani. Ukutani palikuwa na picha ya fukusi mmoja wa kahawia, amekuzwa hadi kumzidi mlango. Watu mia mbili walikaa wakimtazama mdudu. Msemaji hakutokea.

Mhadhiri aliyekuwa katibu wa kongamano alisimama kando ya pazia, ratiba imekunjwa mkononi. Wenzake waligeuza shingo kila mlango ulipolia. Yeye hakugeuka. Katika kiganja cha pili alikuwa na beji ambayo binti wa mapokezi alimletea, na tangu alipoishika alijua kwamba mtu wao haji, na kwa nini haji.

Mtu mwenyewe alikuwa fundi wa maabara. Chuo kizima kilimwita Mzee Sindano, kwa sababu kazi yake ya miaka thelathini na moja ilikuwa kuwachoma wadudu wakavu kwa sindano nyembamba na kuwapanga kwenye masanduku ya kioo, katika chumba kilicho chini ya ngazi, chenye harufu ya dawa ya nondo na karatasi kuukuu. Chini ya kila mdudu aliweka lebo isiyozidi ukucha wa kidole cha mwisho: jina la mdudu, mahali aliponaswa, tarehe, na aliyemnasa. Aliziandika kwa wino mweusi bila miwani mpaka alipofika miaka hamsini. Baada ya hapo aliziandika kwa miwani na manung'uniko.

Hakuna aliyesomea wadudu pale ambaye hakupita mikononi mwake. Mhadhiri naye alipita. Mwaka wa kwanza alikuwa na papara, kila mdudu aliyemshika kwa kibano alitoka na miguu mitano, na Mzee Sindano akambandika jina: Mvunja Miguu. Jina hilo halikumtoka hata aliporudi kutoka ng'ambo na shahada ya uzamivu.

Kongamano la mwaka ule lilihusu wadudu waharibifu wa nafaka ghalani. Kamati ilimwandikia bingwa mmoja wa nchi za mbali, mtu ambaye ukisema fukusi umemtaja yeye. Jibu lilikuja baada ya siku nne, fupi. Goti lake limepasuliwa, hasafiri. Kisha akaongeza kwamba anashangaa kuulizwa yeye: nusu ya fukusi alioshinda nao maisha yake yote walitoka katika jengo lao, na lebo zao ziliandikwa kwa mkono wa mtu mmoja, na hajawahi kukuta kosa. Mwiteni huyo, alimaliza.

Barua ilisomwa kikaoni. Halafu mwenyekiti, profesa mwenye tumbo la heshima, akaanza kutikisika kwa kucheka.

"Mzee Sindano? Huyu wetu wa chini ya ngazi?"

"Ataongelea nini," akadakia mwingine, "namna ya kupangusa vioo?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Mhadhiri akacheka pia. Hakucheka sana, lakini alicheka, na sauti yake mwenyewe aliisikia.

Hata hivyo wiki zilizobaki zilikuwa sita, na mwingine hawakuwa naye. Akatumwa yeye kushuka na barua ya mwaliko.

"Mvunja Miguu! Umepotea njia leo? Usiguse meza."

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Umekuja kuvunja nini?"

Akampa barua. Mzee aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena.

"Mwanangu, hii si yangu. Hii ni ya watu wa ghorofani."

"Ni yako. Tunataka dakika ishirini tu. Fukusi, kama unavyowajua wewe."

"Mimi niwasemeshe maprofesa? Si nitasahau hata jina la baba yangu!"

"Wasemeshe kama ulivyokuwa unanisemesha mimi."

"Wewe nilikuwa nakukaripia."

"Basi wakaripie."

Alicheka mpaka akavua miwani na kuifuta kwa pindo la koti. Alipoivaa tena, mzaha ulikuwa umekwisha.

"Nitakuja. Lakini niandikeni nilivyo. Fundi wa maabara, basi. Sitaki nionekane najipachika mahali."

"Nakuahidi, baba."

Wiki mbili baadaye mke wa mzee, mshonaji wa sare za shule, alimkamata mhadhiri langoni.

"Mwalimu, mmenifanyia nini? Mume wangu anahutubia kabati la vyombo! Jana nimemkuta anayauliza masufuria kama yana swali." Alikuwa analalamika huku ameng'aa uso mzima. Suti ya harusi yao ameipunguza kiunoni, alisema, maana mwili umekwenda.

Ratiba ilipigwa chapa siku ya Jumatatu. Mhadhiri aliiandaa mwenyewe. Wasemaji kumi na wanne walishuka ukurasa mzima, Prof., Dkt., Dkt., Prof., na katikati yao jina moja lilisimama halina kitu mbele, mfano wa mtu aliyeingia harusini kwa nguo za kazi. Alilitazama kwa muda mrefu. Akampigia simu mwenyekiti.

"Mmh, wageni watadhani tumekosa watu," mwenyekiti alisema. "Lakini katibu ni wewe. Fanya unavyoona."

Kwa hiyo hakuna aliyemlazimisha. Alikaa mbele ya kompyuta akawaza wageni, hasa wale wawili aliosoma nao ng'ambo, na namna watakavyomtazama: huyu ndiye mliyemleta? Akajiambia mzee anastahili kuliko nusu ya hao wote. Ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli vidole havikusita. Akaandika Dkt. Programu ya beji ilijinakilia yenyewe kutoka kwenye ratiba.

Sasa, kando ya pazia, dakika ya kumi na mbili ilipoingia, alipanda jukwaani akasema msemaji amepata dharura. Akamkaribisha aliyefuata. Kisha akashuka ngazi mbio, beji imemganda kiganjani kwa jasho.

Mke wa mzee alikuwa ameketi kwenye stuli mlangoni, mkoba mapajani. Hakuitikia salamu. Ndani, Mzee Sindano alikuwa amevaa suti yake, ameinamia sanduku la kioo, anachoma sindano.

"Nilimuuliza binti wa mapokezi, hii ya nani," alisema bila kugeuka. "Akaniambia, yako, Daktari. Nikamwambia mimi si daktari. Akacheka, akadhani namtania. Walio nyuma yangu nao wakaanza, karibu Daktari, pita Daktari. Nilijiona kama nimeiba, nikawa nangoja mtu apige yowe la mwizi."

"Nisamehe, mzee wangu. Nilitaka wakuheshimu."

"Nani alikuwa haniheshimu?"

Jibu lilikuwa limesimama pale pale nyuma ya mzee, limevaa viatu vipya vya kongamano.

Mzee alivuta droo, akaisogeza mbele yake. Safu kwa safu ya fukusi, na chini ya kila mmoja kilebo chake.

"Siku ya kwanza nilikufundisha nini? Mdudu mwenye lebo ya uongo anafanywa nini?"

"Anatupwa."

"Hata akiwa mzuri?"

"Hata akiwa na miguu yote sita," alisema.

"Twende, baba," mhadhiri akaongeza. "Nitasimama niwaambie kosa ni langu."

"Saa hii yuko mwenzio anaongea. Mwache amalize. Utawaambia?"

"Mchana, kabla ya picha ya pamoja. Nitawaambia."

Mzee alimtazama kwa juu ya miwani, kama anavyomtazama mdudu ambaye bado hajamjua jina.

"Haya, keti. Nimeshaikariri hotuba. Nikirudi nayo nyumbani, mama huyu atanifukuza."

"Nitakufukuza," sauti ya mlangoni ilisema.

Akatoa mfukoni bunda la lebo zisizotumika alizoziandika maneno yake, akasimama mbele ya makabati, akatoa hotuba yake yote. Alieleza jinsi fukusi jike anavyotoboa punje, akataga yai moja, akaliziba tundu kwa ute wake, mpaka mkulima akaiona punje ni nzima. Alieleza namna ya kuweka sikio kwenye gunia na kuwasikia ndani wakitafuna. Kisha akafungua droo tatu, moja baada ya nyingine, akaonyesha aina moja ndogo ambayo vitabu vinasema iliingia nchini juzijuzi. Lebo zake zilikuwa zinaitaja miaka kumi na moja kabla ya vitabu hivyo.

"Hakuna aliyeniuliza," alisema.

Katikati ya hotuba makofi yalisikika kutoka juu, kupitia dari. Mzee Sindano alinyamaza mpaka yakaisha, kwa adabu, akimpisha mwenzake, ndipo akaendelea.

"Kuna swali?" aliuliza mwishoni.

Mkewe akanyoosha mkono. "Tunakwenda kula saa ngapi?"

Mhadhiri alikuwa ameinamisha uso. Alikuwa amehudhuria makongamano mengi kuliko anavyoweza kukumbuka, na hotuba kama ile hakuwahi kuisikia, na walioisikia walikuwa yeye tu na mshonaji mmoja.

Mchana alipewa kipaza sauti kwa matangazo. Alitangaza basi la wageni. Alitangaza funguo zilizookotwa msalani. Akasema picha ya pamoja ni kwenye ngazi za mbele.

"Na jambo moja zaidi," alisema.

Nyuso zikainuka. Aliwaona wenzake wawili wa ng'ambo, safu ya pili, wanatabasamu. Mwenyekiti aliangalia saa. Beji ilikuwa kwenye mkoba wake, aliihisi kama kaa la moto kupitia ngozi.

"Msisahau kurudisha beji zenu," alisema. "Asanteni sana."

Kitabu cha kongamano kilitoka miezi mitano baadaye. Jina la Mzee Sindano lipo ukurasa wa sita, na herufi tatu mbele yake, na chini yake hakuna hotuba. Mzee hakuwahi kumuuliza Mvunja Miguu kama aliwaambia. Walipokutana kwenye ngazi alimwitikia shikamoo, akapita.

Alistaafu mwaka huohuo. Sasa anakagua nafaka katika ghala la chama cha wakulima, nyuma ya stesheni, siku tatu kwa wiki, na kiti chake kiko karibu na mizani, anakoweka sikio kwenye kila gunia.