Waya Uliokatwa

Katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa walimwita Mnyoofu, na jina lilimkaa. Shuka likipita mikononi mwake lilitoka limenyooka kama limepigwa rula, na wauguzi wa wodini walilitambua rundo lake kwa kulitupia jicho tu. Alikuwa mjane, mwili mdogo, sauti ndogo zaidi, na mtoto wake mmoja, binti, alifanya kazi nchi ya mbali.

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja anashika pembe mbili huku, mwenzake mbili kule, wanalikung'uta, wanasogeleana hadi vidole vinagusana, kisha wanarudi nyuma. Mwenzake Mnyoofu alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyeanza kuzungumza akivua viatu asubuhi na kunyamaza akivivaa tena jioni. Yeye walimwita Redio. Msimamizi wao alipenda kusema kwamba hiyo ndiyo redio pekee nchini isiyokula betri, na Redio mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote. Walikuwa wamekunja pamoja miaka mingi kiasi kwamba mikono yao haikuhitaji kuangaliwa.

Kisha binti yake Mnyoofu alikuja likizo, na kabla ya kuondoka alimpa mama yake kimashine cha kuchezea muziki, kidogo kama kiberiti. Ndani alikuwa amemjazia nyimbo alizozichagua mwenyewe, zile alizokuwa akimsikia mama akiziimba jikoni yeye akiwa mtoto. Mnyoofu alikitia katika mfuko wa aproni na kuchomeka spika zake masikioni. Mwanzoni alichomeka sikio moja tu. Lakini mashine za kukaushia zilikuwa zinanguruma kama lori linalopanda mlima, akaona bora achomeke yote mawili. Redio aliendelea kuzungumza. Mnyoofu alitikisa kichwa na kusema "eeh" kila alipoona midomo ya mwenzake imetulia.

Kikaanza kuchoka. Kwanza kilimfikisha jioni, baadaye kikawa kinazima wakati wa chakula, mwishowe hakikumaliza hata rundo la kwanza la asubuhi. Mnyoofu alikigongagonga kwenye kiganja, akakipuliza.

"Betri hiyo imezeeka," alisema Redio. "Lete hapa. Mdogo wangu ana kibanda sokoni, anatengeneza simu. Vidude kama hivi anavifungua amefumba macho."

Mnyoofu alikifunga ndani ya leso na kumkabidhi. Baada ya siku chache Redio alikirudisha, leso imekunjwa vilevile.

"Amekihangaikia, maskini, mpaka basi. Anasema betri za aina hii hazitengenezwi tena. Pole, mwenzangu. Wala usikipeleke kwingine, watakula hela zako bure."

Mnyoofu alikibonyeza. Hata kile kitaa chake kidogo hakikuwaka.

"Mbona kabla kilikuwa kinawaka?"

"Ndiyo kimekufa hivyo," alisema Redio, na kunyanyua shuka.

Alikitumbukiza kwenye mkoba, kwa sababu kukitupa hakuweza. Masikio yake yakabaki wazi, na Redio akayajaza. Mnyoofu alishangaa jinsi alivyokuwa hajui mambo. Alidhani mama yake Redio ni mzima, kumbe mama yule alikuwa amepotewa na kumbukumbu, na alimwita "nesi" Redio, bintiye aliyemlisha na kumwogesha. Walianza tena kula pamoja kwenye benchi lililo nyuma ya chumba cha mashine, wakisengenya wauguzi na kucheka hadi msimamizi anatoa kichwa dirishani. Ilikuwa kama zamani. Mnyoofu alijiambia moyoni kwamba pengine kimashine kile kimekufa kwa heri.

Siku moja, wakiwa katikati ya shuka, alisema neno ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Binti yangu hanipigii simu."

"Si anakupigia kila Jumapili?"

"Mimi ndiye ninayesema hivyo. Wakiniuliza hapa ninasema amepiga, anawasalimu. Tuligombana asubuhi ile ya safari yake. Nilimtolea maneno ambayo mama hamwambii mwanawe. Kile kimashine alikuwa ameshanipa jana yake. Ndicho kitu cha mwisho nilichopokea mkononi mwake."

Redio aliachia pembe zake. Shuka safi likaanguka chini kwenye sakafu ya maji, naye akalikanyaga, akaja kumkumbatia mwenzake na kulia kwa kwikwi. Mnyoofu naye akalia. Walilifua shuka lile upya, na siku nzima Mnyoofu alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo kichwani.

Siku ya mapumziko iliyofuata Mnyoofu alikwenda sokoni kutafuta ndoo. Kwenye safu ya vibanda vya mafundi wa simu alimwona mwanamume wa makamo mwenye paji la uso la Redio na mwanya uleule. Akasimama.

"Samahani, wewe si mdogo wake Redio wa hospitali?"

"Ndiye mimi, dada. Karibu."

"Mimi ndiye ninayekunja naye. Nimepita tu kukushukuru. Najua ulihangaika na kimashine changu."

"Kimashine gani?"

Alikitoa mkobani. Fundi alikigeuza huku na huku chini ya taa yake.

"Hiki sijawahi kukishika, dada."

"Labda umesahau. Una vitu vingi."

"Simu ninasahau, ni nyingi. Vidude hivi siku hizi haviji kabisa, ningekumbuka. Na betri zake ninazo. Keti."

Mnyoofu alikaa kwenye kigoda, ndoo mapajani. Bado alikuwa akitafuta maelezo mazuri: labda Redio alikipeleka kwa fundi mwingine, akaona aibu kusema. Fundi alifungua viskurubu viwili vya nyuma, akapenyeza kadi ya plastiki pembeni na kukizungusha taratibu hadi kifuniko kikaachia. Hapo mikono yake ikatulia.

"Betri imevimba kidogo," alisema. "Imechoka kweli, ilikuwa ya kubadilisha. Lakini siyo iliyokizima."

Akamsogezea. Kutoka kwenye betri zilitoka nyaya mbili nyembamba kama nyuzi za kushonea. Mweusi ulikuwa umefika mahali pake. Mwekundu ulikuwa umeishia njiani.

"Umekatika?"

"Waya ukikatika wenyewe unang'oka kwenye risasi ya kuchomelea, unaacha vinyuzi vimechanguka. Huu umekatwa. Mkasi mkali, mara moja tu." Alitaka kuongeza neno, kisha akamtazama mgeni wake usoni, akaliacha.

Mnyoofu aliujua mkasi huo. Ulining'inia kwa kamba kwenye cherehani ya kuzibia mashuka pale kazini, pamoja na bisibisi ndogo ya kufungulia mguu wa cherehani. Kila siku aliukatia nyuzi.

 Fundi alichagua kutoka kwenye droo betri bapa, akaipima juu ya ile ya zamani. Aliibandua ile kuukuu polepole kwa ile kadi, kwa kuwa ilikuwa imegandishwa na gundi na haitaki kutobolewa. Akaunganisha mpya, mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi, moshi mdogo wa risasi ukipanda, akazungushia tepu na kufunga. Kitaa kikawaka. Alimpa spika masikioni, wimbo ukaanza, ule wa kwanza kabisa.

Ulikuwa wimbo aliokuwa akiulilia. Lakini sasa alipousikia aliwaza machozi ya Redio tu, yalivyokuwa ya moto shingoni mwake, na akachomoa spika kabla ya ubeti wa pili.

Kesho yake walisimama mahali pao kama kawaida, shuka la kwanza mikononi.

"Jana nilipita kwa mdogo wako," alisema Mnyoofu.

Redio, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alikosa la kusema. 

"Nilikwambia mama yangu hanitambui tena," alisema mwishowe. "Nilikuwa sijamwambia mtu mwingine. Wewe ukacheka. Ukasema 'eeh'. Nyimbo zako zilikuwa zinakuchekesha. Jioni ile ulinipa hicho kidude nikitengeneze."

"Ungenichomoa spika masikioni. Ungenizaba hata kofi."

"Nilikuwa nataka kuzungumza na wewe, basi. Unadhani niliomba mengi?"

"Si mengi. Ningekupa." Mnyoofu alikuwa ameshika pembe zake bila kuzikaza. "Na siku nilipokueleza habari za mwanangu, ulishindwa nini kusema?"

"Ningesemaje? Nilijua ukijua utaniacha."

"Ulilia, mwenzangu. Nilidhani unanililia mimi."

 Shuka lilikuwa bado hewani kati yao, wakalikunja, kwa kuwa haliwezi kuachwa hivyo. Vidole vyao vilipogusana katikati, Mnyoofu alivirudisha upesi.

Siku hiyohiyo alimwomba msimamizi amhamishie kwenye pasi ya rola, ile ya kunyooshea mashuka, upande wa pili wa chumba. Alisema mgongo unamsumbua. Watu walibuni sababu zao: wengine walisema wawili hao wamedhulumiana kwenye mchezo wa upatu, wengine wakamtafuta mwanamume wa kumsingizia. Mnyoofu hakuwasahihisha. Redio alimwomba radhi kupitia kwa msimamizi, akaja mwenyewe nyumbani, akaketi ukingoni mwa kiti na kuomba msamaha huku akipangusa uso kwa ncha ya kanga. Mnyoofu alimpikia chai, akamwambia amemsamehe. Alipomsindikiza mlangoni aliongeza kwamba kukunja naye tena, hapana.

Kilichomkosesha raha sasa ni ile siri. Kila Jumatatu wenzake walimuuliza, "Binti hajambo? Kapiga jana?" Naye kabla ya kujibu alijikuta akitazama upande wa pili wa chumba. Redio aliinamisha macho kila mara. Hakuwa amemwambia mtu, na midomo ile ilijulikana haikai na kitu. Hilo halikumfariji Mnyoofu. Alihisi kama ameacha nguo yake ya ndani kwa mtu, na mtu huyo anaitunza.

Ikafika Jumatatu moja, mpeleka mikokoteni ya nguo akauliza kama kawaida.

"Hakupiga," alijibu Mnyoofu, kwa sauti ya juu kuliko aliyowahi kuitumia mle ndani. "Hajawahi kupiga tangu aondoke. Nilikuwa ninawadanganya."

Mashine zilikuwa zinanguruma, lakini waliokuwa karibu walisikia, na wengine wakasoma nyuso zao. Mmoja alimwambia pole. Wengine walirudi kwenye kazi zao wakijifanya wanahesabu foronya. Upande wa pili Redio aliweka pembe zake chini, akapiga hatua mbili tatu kumjia.

Mnyoofu alimwona. Akainama, akachukua shuka lingine lenye unyevu na kulipenyeza kwenye rola.