Kuyachuja Maji ya Mume Wangu

Shuka za mume wangu nilizinunua nyeupe. Masika haijaisha, zikawa na rangi ya chai ya maziwa. Nilizifua kila asubuhi, kwa sababu kiharusi kilikuwa kimempoozesha upande wa kulia na mara nyingine alijisaidia kabla hajaniita. Nilizifua kwa maji ya koki, na maji hayohayo ndiyo yaliyokuwa yakizipaka rangi. Nikizianika, nilikuwa siziangalii tena.

Kisha akalazwa mara nyingine, safari hii kwa homa ya matumbo. Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa kitindamimba wangu. Akaniamkia vizuri, akaniuliza tunakunywa maji gani.

"Tunachemsha," nikasema.

"Yote, mama? Hata ya kuoshea mboga? Hata ya kusukutua?"

Hayo sikuwa nikiyachemsha. Mume wangu alikuwa akitia udhu kwa maji ya koki kila swala, mimi nikimmiminia kwa birika, naye akisukutua na kumeza kidogo kama mtoto. Kuchemsha maji ya kunywa tu kulikuwa kumenivunja mgongo. Kuni zimekuwa za kununua, na gesi huku juu mlimani ikiisha unasubiri gari lipande. Ningechemshaje na ya udhu, ya kuogea, ya vyombo?

Binti yetu anayeishi Tanga mjini ndiye aliyenipigia simu na habari ya mtambo. "Mama, siku hizi kuna kichujio cha nyumba nzima. Kinafungwa pale bomba linapoingia uani. Kila koki inatoa maji safi. Utapumzika."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonishika. Lakini kulikuwa na mzee wangu.

Maji yale aliyaleta yeye. Zamani sisi wanawake wa upande huu wa Gare tulikuwa tukishuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani, mvua au jua. Mume wangu alikuwa kijana wa kamati ya maji. Alizunguka nyumba kwa nyumba, msikitini na kanisani, mpaka watu wakatoka kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kuchimba mtaro kutoka chanzoni hadi kijijini. Alibeba mabomba begani, na kovu lake analo hadi leo. Siku koki ya kwanza ilipofunguliwa nilikuwa na mimba ya huyu binti wa Tanga, nikakaa chini kwenye nyasi nikalia kwa furaha. Wazee bado huyaita maji yale kwa jina la mume wangu.

Nilipomweleza habari ya kichujio, alitikisa kichwa.

"Maji yenye tope ni twahara," akasema. Maneno yalikuwa yakimtoka polepole tangu augue.

"Sijasema si twahara. Nasema yanakuumiza."

"Yamekunywesha wewe na watoto wako wote."

Nikachukua birika nikaenda jikoni.

Wiki iliyofuata nilimwachia jirani amtazame, nikashuka Tanga. Nilikuwa nimebeba maji yetu kwenye chupa, kwa sababu binti yangu alisema muuzaji atataka kuyaona. Dukani kulikuwa na vichujio vya kila namna. Kimoja kilikuwa na mitungi ya buluu iliyopangwa ubavu kwa ubavu, ndani yake nyuzi nyeupe kama bendeji. Zikichafuka unanunua nyingine. Kingine kilikuwa tangi refu la mchanga na mkaa, unaliosha kwa kugeuza mkondo wa maji. Kingine kilihitaji pampu ya umeme, na huko kwetu umeme huenda na kurudi upendavyo. Muuzaji aliongea sana. Alitaja presha, alitaja madini, alitaja bakteria. Mimi nilikuwa nimeamka alfajiri na macho yalikuwa yakijifumba. Alipomaliza, tope kwenye chupa yangu lilikuwa limetua chini, limeganda kama uji.

Akainyanyua chupa akaiangalia. "Mama, sitakudanganya. Hii mitungi itaziba haraka. Labda kwanza muwe na tangi la kutuliza tope. Lakini hili tope linatoka wapi?"

Nilirudi nyumbani sijanunua kitu. Basi lilipokuwa likizunguka kona za mlima nilijiambia sitarudia safari ile. Mchana wa siku ya pili nikamweleza mzee yote, nikitarajia atafurahi.

"Nenda chanzoni," akasema. "Chanzo hakina tope. Bomba limepasuka njiani, udongo unaingia. Mtaziba, basi."

Lilikuwa neno la maana. Nikamtafuta fundi bomba wa kijiji, tukapanda naye tukilifuata bomba. Miguu yangu si ya kupanda tena. Kila mahali alipofukua kidogo, bomba lilikuwa zima. Nikaanza kuomba tuone ufa.

Tulipofika juu sikupatambua. Zamani pale palikuwa na mikuyu, kivuli kizito, na mchanga mweupe ambamo maji yalibubujika. Sasa palikuwa na matuta ya karoti mpaka ukingoni mwa kisima chenyewe. Udongo mwekundu ulikuwa ukiteremka na kila mchirizi wa mvua, na chupa za dawa za wadudu zilikuwa zimetupwa majini. Mkuyu ulikuwa umebaki mmoja.

Aliyekuwa akipalilia aliinua kichwa, akaacha jembe. Alikuwa mtoto wa marehemu shemeji yangu, mdogo wa mume wangu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu." Nikakaa kwenye jiwe, nikahema. "Hapa si ni chanzoni?"

Akatazama chini. "Shamba la baba tumegawana sote, mama. Langu halitoshi hata mboga. Na hapa kila mtu analima. Nikiacha mimi, ataingia mwingine."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia. Yalikuwepo, mengi na makali. Lakini nilifikiria kuteremka, kupika, kumgeuza mzee kitandani, nikasema tu, "Baba yako mkubwa anaumwa na maji haya." Akasema anajua. Hakunitazama.

Njiani fundi aliniuliza nitamwambia nini mzee. Niliwaza kumwambia bomba lilikuwa na ufa na tumeliziba. Ningepata usingizi wa siku chache. Lakini mvua ingenyesha tena na maji yangekuja mekundu, na yeye si mjinga.

Mzee alikuwa ameketishwa barazani na jirani, akinisubiri.

"Bomba ni zima," nikamwambia. "Wamelima mpaka kisimani."

"Nani?"

Nikamtaja.

"Mikuyu je?"

"Umebaki mmoja."

Aligeuza uso upande wa ukuta. Nilimletea chakula, hakula. Nilimletea birika, akasali amekaa, kisha akarudi kulala. Nilikaa karibu naye nikichambua maharage. Uchovu wangu ulikuwa umefika mahali ambapo hata huruma inakuwa kazi.

Asubuhi akaniita. "Kile cha mchanga," akasema. "Kinaoshwa kwa mkono?"

"Kinaoshwa."

"Chukua hicho. Na tangi la kutulizia. Na kijana aitwe."

Kijana alikuja, akapiga magoti mbele ya baba yake mkubwa. Waliongea kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini, na mimi niliwaachia. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Tangu hapo ameacha tuta la mwisho, lile la ukingoni, na amepanda miche ya mikuyu. Mingine imekufa. Matuta mengine bado ni ya karoti.

Binti yangu alituma mtambo na lile tangi, fundi akavifunga uani. Mwanzoni maji yalitoka meusi ya mkaa, kisha yakang'aa. Mzee aliomba kikombe, akanywa chote taratibu. "Hayana ladha," akasema, akaniomba kingine.

Hajalazwa tena kwa tumbo. Hilo namshukuru Mungu. Lakini kupumzika nilikoahidiwa sijakuona. Wakati wa masika, mchanga wa mtambo hujaa tope upesi, nami huzungusha vishikio vizito vya kugeuza mkondo na kutazama maji machafu yakikimbilia kwenye migomba, mabega yakiniuma.

Kisha majirani wakaanza kuja na madumu. Wa kwanza alikuwa na mtoto anayeharisha, ningemnyimaje? Baadaye wakaja wengine. Nikamwambia mzee kwamba mtambo ni wa nyumba moja, kijiji kizima kitauchosha, na mimi pia.

Alikuwa barazani, anawatazama wakipanga madumu yao kwenye koki yetu. Uso wake ulikuwa umekunjuka, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu augue.

"Wape," akasema.

Nikawaambia waje baada ya alasiri, nikishajinyoosha kidogo.