Maoni ya mzungu kwenye kitabu cha wageni

Mdogo wangu ana mgahawa wa meza sita pale Bunda, na kama kila mahali panapojiheshimu nchi hii, pana kitabu cha wageni. Tarehe, jina, atokako, maoni, saini. Kwenye safu ya maoni mteja wa kwanza huandika "Chakula kizuri", anayefuata huandika "Kama hapo juu", na ukurasa mzima unaishia hivyo hivyo. Kwa hiyo siku kijana mmoja Mwingereza, aliyekuwa akipita kwenda mbugani, alipomaliza sato wa kukaanga na ugali wa muhogo kisha akaandika mstari mzima wa Kiingereza, mdogo wangu alijiona ametunukiwa. Hakuusoma. Yeye na Kiingereza waliachana darasa la saba. Aliufunika ukurasa kwa nailoni ili mtu asiandike chini yake, na kila mgeni wa maana alifunguliwa hapo hapo.

Mgeni wa maana kuliko wote alikuwa kamati ya harusi kutoka Butiama. Walikuja watatu kuonja chakula kabla ya kumpa mdogo wangu kazi ya kupika, kazi yake ya kwanza kubwa. Walikula vizuri. Halafu katibu wao, ambaye ni nesi na hapendi kubahatisha, akaulizia kitabu ili asaini. Akasoma. Akatoa simu, akapiga picha, simu ikamtafsiria, akamwonyesha mdogo wangu kioo. Akaweka kijiko chini na kusema, "Tutawasiliana."

Mdogo wangu akanipigia Musoma.

"Dada, kumbe nimeweka tusi mezani miezi minne."

"Tusi gani?"

"Siwezi kulitamka, nina wateja. Nakutumia picha."

Picha ikaja. Yule kijana alikuwa ameandika kwamba samaki yule ni the dog's bollocks.

Nimefundisha Kiingereza sekondari mpaka nikastaafu, na hilo sikuwahi kulifundisha, ila nilikuwa nalijua. Wengi hukutana nalo wakaona aibu kuuliza. Usione aibu. Maneno yenyewe yanataja korodani za mbwa. Maana yake ni kitu bora kupita vyote. Ni lugha ya mtaani, na ni ya utovu wa adabu, kwa hiyo usiiweke kwenye barua ya kuomba kazi wala mbele ya mkweo. Ajabu ni kwamba ukimwondoa mbwa, neno linalobaki linamaanisha upuuzi mtupu. Mbwa ndiye anayebeba sifa yote.

Asili yake hakuna anayeijua kwa hakika. Wapo wanaosema wapiga chapa wa zamani waliita hivyo alama ya nukta mbili inayofuatwa na kistari, kwa ajili ya umbo lake; ichore pembeni mwa gazeti utaona. Wengine wanasema Waingereza walikuwa na mtindo wa kusifia vitu kwa viungo vya wanyama, magoti ya nyuki, ndevu za paka, na mtu mmoja asiye na haya akauendeleza. Wapo pia wanaosema tu kwamba kwa mbwa dume kitu hicho hakijifichi.

Nikamwambia mdogo wangu asichane ukurasa. Kuchana kungeonekana ni kukiri. Jumamosi tukaenda Butiama wote wawili, kitabu kwenye mkoba, kuomba kusikilizwa.

Kamati ilikutana sebuleni kwa mwenyekiti, mzee mfugaji. Walijadili mahema, wakajadili muziki, na sisi tukawekwa kwenye Mengineyo. Suala lilikuwa zito: nusu ya wageni walikuwa Waislamu wa Bunda, na kwao mbwa si mnyama wa kutajwa karibu na sufuria. Mjumbe wao, fundi cherehani, alikuwa amekaa mbele yangu, ameshika kofia mapajani.

Nikafanya kosa la mwalimu. Nilianza na wapiga chapa. Nikaichora ile alama nyuma ya ratiba ya kikao, karatasi ikazungushwa. Kila mjumbe aliiangalia kwa heshima kisha akampa mwenzake.

"Mwalimu," fundi akasema, "alama nimeiona. Naomba kujua mbwa aliingia wapi."

"Hakuingia popote. Mgeni alikula sato."

"Sato mzima?"

"Mzima, na kichwa."

"Sasa," katibu akadakia, "mtu ameshiba samaki, kwa nini amtaje mbwa? Tena huko?"

Mdogo wangu alikuwa anatazama sakafu. Mwenyekiti akajikohoza.

"Wewe fundi, siku ile ulivyokwenda mnadani kununua dume la mbegu, ulisimama upande gani?"

"Mwenyekiti, kuna akina mama hapa."

Mke wa mwenyekiti akajibu kutoka mlangoni, "Hao ng'ombe sisi ndio tunawakamuaga. Sema."

"Nilisimama nyuma."

"Ukaangalia mkia?"

"Sikuangalia mkia."

"Na uliporudi ukatusimulia nini, pembe?"

Fundi akafunika mdomo kwa kofia, mabega yakimtikisika.

"Basi," mwenyekiti akasema. "Wenzetu ng'ombe hawana wa kutosha, wana mbwa. Wanasifia walichonacho."

Miaka yote ya chaki sijasikia maelezo bora kuliko hayo. Kuhusu ng'ombe wa Uingereza sikumsahihisha.

Fundi alitoa sharti moja: mchinjaji atamleta yeye, na atasimama jikoni tangu sufuria ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Karibu, shemeji," mdogo wangu akasema, mara ya kwanza kufungua mdomo siku hiyo. "Ila hiyo kofia nzuri uiache nyumbani, kuna moshi."

Katibu akauliza aandikeje kwenye muhtasari. Mwenyekiti akasema aandike ilivyokuwa. Akaandika, akasoma kwa sauti ya wodini: "Kamati ilijadili korodani za mbwa na kuridhika. Mpishi aendelee."

Siku ya harusi watu walikula wakarudia. Fundi alisimama jikoni kama alivyoahidi, na kofia yake. Baada ya chakula mwenyekiti aliomba kitabu. Mdogo wangu alitaka kumfungulia ukurasa mpya, mzee akakataa, akaurudisha ule wa nailoni. Akaibandua nailoni taratibu, akavaa miwani, akaandika tarehe, jina, Butiama. Kwenye maoni alifikiri kidogo, akasoma mstari wa mzungu kwa kidole, kisha chini yake akaandika: "Kama hapo juu."